Sahani ya Masese Haina Upungufu wa Nyama, Ina Upungufu wa Maharage

Kuna imani iliyokaa Masese, hapa Jinja, muda mrefu hata hakuna anayeiona tena kuwa imani. Inasema kwamba mwili wa mtu hujengwa na nyama, samaki, mayai na maziwa, na vingine vyote ni vya kushibisha tumbo. Utaisikia mwaloni, kwa wachuuzi wa samaki. Utaiona kliniki, mama anapoambiwa ampe mtoto protini naye akaelewa kwamba ameambiwa ampe nyama. Utaikuta Mbale kwenye karamu za tohara, ambako mwenye nyumba akipakua maharage matupu huonekana amewadharau wageni wake. Na mwisho wa imani hiyo ni hukumu moja nzito: maskini hana protini, wala hatakuwa nayo mpaka siku atakapoacha kuwa maskini.

Naipinga imani hiyo yote, kuanzia msingi wake hadi hukumu yake. Ni kosa la hesabu, ni kosa ambalo historia ya Uganda yenyewe imekwisha kulifichua, na ni kosa lenye gharama, kwa kuwa linawafanya wazazi watafute kwa taabu kile wasichoweza kununua huku wakikipunja kile kilichopo dukani mbele yao.

Wanaoishikilia wana hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza, mimea ina protini kidogo mno. Ya pili, hata hiyo kidogo ni pungufu, si kamili kama ya nyama. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba watoto wetu wenyewe ni ushahidi: wanakula mimea mwaka mzima, na wengi wao wamedumaa.

Tuanze na hesabu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula na afya yaliweka mwaka 2007 kiwango cha gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji gramu 50. Sasa tupime chakula kinachouzwa katika duka lolote la Masese. Gramu 100 za unga wa posho, yaani ugali wa mahindi, zina protini gramu 8 hivi. Gramu 100 za maharage makavu, yawe nambale, kanyebwa au ya manjano, zina gramu 21 au 22. Karanga zina gramu 25, ufuta 17 au 18, soya zaidi ya 35. Mtu akila kwa siku nzima posho ya gramu 300 za unga, maharage gramu 120 yakipimwa makavu, karanga za kusaga gramu 50 na fungu la dodo, yaani mchicha, amepata protini gramu 66 hivi. Tukubali kwamba tumbo halinyonyi protini ya mimea yote kama linavyonyonya ya nyama, tukate moja ya tano nzima. Zinabaki gramu 53. Mtu huyo hakugusa nyama wala samaki, na amevuka kiwango.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila Mganda anaweza kuifanya kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Mwezi Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, serikali iligawa Kampala na Wakiso kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Sizungumzii ubora wa kilichogawiwa, ambao wengi waliulalamikia. Nazungumzia kipimo. Kilo 9 hizo zilikuwa na protini zaidi ya gramu 1,100, inayomtosha mtu mzima siku 22. Lakini nguvu iliyomo, yaani kalori, ingemfikisha siku ya 14 au 15 tu. Mgao ule ungemwacha mtu na njaa kabla ya kumwacha na upungufu wa protini. Nani kati yetu alifikiri hivyo alipouona? Tuliuona kuwa chakula cha dhiki, tukasikitika kwamba hakuna nyama, kumbe kilichokosekana kwanza kilikuwa wingi wa chakula chenyewe na mafuta ya kupikia.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo imani hii inapowaumiza watu. Kilo ya maharage makavu ina protini kama ile iliyomo katika kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe, na pesa ya kilo moja ya nyama hununua kilo tatu za maharage au zaidi. Mzazi anayejibana wiki nzima ili Jumapili apate nusu kilo ya nyama kwa watu saba ameleta nyumbani protini gramu 100 hivi, sawa na gramu 14 kwa kila mmoja, kwa siku moja kati ya saba. Pesa ileile ingeweka kikombe cha maharage mbele ya kila mmoja siku kadhaa. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Amefanya alichofundishwa kuwa ndiyo upendo. Nawalaumu waliomfundisha.

Hoja ya pili inasema protini ya mimea si kamili. Ina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo imekuzwa kupita kiasi. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, na tisa kati yake mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi, mtama na ulezi vina upungufu wa kimoja kiitwacho laisini. Maharage, kunde na choroko vimejaa laisini, ila vina upungufu wa methionini, ambayo inapatikana kwa wingi katika nafaka na hasa katika ufuta. Weka posho na maharage katika siku moja, na kila kimoja kimelipa deni la mwenzake. Si lazima hata viwe katika sahani moja, kwa kuwa mwili huweka akiba ya vipande hivyo kwa saa kadhaa. Mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kiliwafanya watu wengi waamini kwamba lazima vyakula vipangwe kwa uangalifu mkubwa katika kila mlo, aliirekebisha kauli hiyo mwenyewe katika toleo la mwaka 1981.

Wazee wetu walifika hapo bila maabara. Wakenya wana githeri, Watanzania wana kande, na zote mbili ni mahindi na maharage katika chungu kimoja. Wamasaba wa miteremko ya Mlima Elgon wana malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi. Machipukizi yenyewe hayana protini ya kutegemewa, lakini hakuna mama wa Bugisu anayeyapika matupu: huyapika katika karanga au ufuta uliosagwa, na huo mchuzi mzito ndio uliolea vizazi. Busoga na Buganda za zamani zilikuwa na desturi kali zaidi, iliyowakataza wanawake kula kuku, mayai, na hata samaki wa aina fulani kama kambare mamba. Ilikuwa desturi ya dhuluma, na ni vyema imefifia. Lakini inatupa ushahidi: wanawake wale walishika mimba, wakalima, wakanyonyesha, na sehemu kubwa ya protini yao ilitoka katika maharage, kunde, karanga na mboga za majani.

Anayedhani kwamba nguvu ya mwili haipatikani hivyo na apande kutoka Mbale hadi Kapchorwa, alikotoka Joshua Cheptegei, mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo na ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Sijui anakula nini nyumbani kwake, na si kazi yangu kudai. Lakini vijana wa Kikalenjini wa upande wa Kenya, ndugu wa Wasebei wa Kapchorwa kwa lugha na kwa milima, walipimwa chakula chao na watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2002. Walikuwa wakimbiaji wa mbio ndefu, na nguzo za mlo wao zilikuwa ugali na maharage, na protini iliwatosha. Maziwa walikunywa, nyama ilikuwa kidogo. Jinja yenyewe ina familia za Kigujarati zilizofungua maduka na viwanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, zikafukuzwa mwaka 1972, na nyingine zikarudi baadaye. Wengi wao ni Wahindu ambao hawajawahi kuonja nyama, wanakula dengu, choroko na mtindi, na wanafika uzeeni. Na huko Marekani na Kanada, uchunguzi mkubwa wa Waadventista uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata wale wasiokula chochote cha mnyama walipata kwa wastani zaidi ya gramu 70 za protini kwa siku.

Inabaki hoja ya tatu, ya watoto, na hapa sitapita haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Uganda wamedumaa. Hiyo ni aibu ya nchi nzima. Wapinzani wangu wanaisoma hivi: watoto hawa wanakula mimea, wamedumaa, kwa hiyo mimea haijengi mwili. Mimi nauliza: mimea gani?

Gramu 500 za unga wa muhogo, zinazotosha kumshibisha mtu mzima karibu siku nzima, hazifikishi gramu 10 za protini. Kilo nzima ya matoke yaliyomenywa ina gramu 13 hivi. Viazi vitamu havizidi sana hapo. Hivi ndivyo vinavyojaza sahani ya mtoto wa Busoga, na juu yake humiminwa mchuzi. Chungulia mchuzi huo, iwe nyumbani au katika shule ya msingi saa ya chakula cha mchana. Mpishi anazamisha upawa juu juu, kwa kuwa maharage yamekaa chini na lazima yafike hadi mtoto wa mwisho kwenye foleni. Anachopata mtoto ni maji mekundu yenye chumvi na punje unazoweza kuzihesabu. Kisha tunasema mtoto huyu "amekula maharage" na hayakumsaidia. Hakula maharage. Alikula posho iliyoloweshwa. Ukimnyima mtoto chakula kisha ukakilaumu chakula, hujathibitisha kitu.

Na makosa haya ya kusoma utapiamlo wa watoto kama ukosefu wa nyama na maziwa yana historia, tena sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa Kampala. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele zikabadilika rangi na ngozi ikabambuka, na mwaka 1935 akauita kwa jina la wenyeji, kwashakoo. Hospitali ya Mulago, Kampala, ikawa moja ya vituo vikuu duniani vya kuuchunguza. Daktari Hugh Trowell na wenzake wa hapo waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Wataalamu waliona watoto waliolishwa matoke, wakaona protini ni kidogo, wakahitimisha kwamba hapo ndipo penye ugonjwa. Dunia ikalichukua neno hilo. Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya ushauri wa protini mwaka 1955, na mwaka 1968 ukaonya kwamba janga la protini linakuja. Pesa nyingi zikaenda kwenye maziwa ya unga na unga wa samaki.

Halafu hoja ikaanza kupasuka. Daktari C. Gopalan wa India aliwalinganisha watoto waliopata kwashakoo na waliokonda kwa njaa tupu, akaona mlo wao haukutofautiana. Mwaka 1973 wataalamu wa kimataifa walikishusha kiwango cha protini kilichohitajika, na mwaka uliofuata Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba shughuli yote ile ya kuziba pengo la protini ilikuwa fedheha kubwa: watoto walikufa kwa kukosa chakula cha kutosha huku dunia ikiwatafutia protini. Hadi leo chanzo kamili cha kwashakoo hakijajulikana. Utafiti wa watoto pacha wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vijidudu vinavyoishi utumboni vina sehemu yao katika ugonjwa huo. Trowell huyohuyo, baada ya kuondoka Uganda, aliungana na Denis Burkitt, daktari mwenzake wa Mulago, na mwaka 1975 walitoa kitabu kilichotetea vyakula visivyokobolewa na nyuzinyuzi zake, yaani vyakula ambavyo Waafrika walikuwa wakila muda wote.

Mulago hapohapo kulikuwa na njia nyingine tangu zamani. Rex Dean, aliyeongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto, alikwisha kuandika mwaka 1953 ripoti nzima juu ya kulisha watoto kwa protini za mimea. Mwaka 1965 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambacho kimewafundisha akina mama wa Uganda kitobero: matoke au viazi, pamoja na maharage au karanga, pamoja na maziwa au samaki kidogo, vikifungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Na Mbale, katika hospitali ya rufaa, watafiti wamejaribu kuongeza unga wa kunde katika maziwa ya tiba wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Jaribio hilo dogo, lililochapishwa mwaka 2021, lilikuwa la kutazama namna kunde zinavyosaidia vijidudu vyema vya utumboni vibaki hai. Kunde ziliongezwa kwenye maziwa, hazikuchukua nafasi yake, na sitasema zaidi ya hapo. Lakini tazameni tulipofika: chakula tunachokiita cha maskini kinaingizwa wodini na madaktari kama sehemu ya tiba.

Nimesema nitajibu kwa heshima, na heshima inataka nikubali pale wapinzani wangu wanapokuwa na haki. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 ana tumbo dogo na mahitaji makubwa ya chuma na zinki, ambayo katika maharage hunaswa na kemikali ya asili isiyoyaachia kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linataka mtoto wa umri huo apate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, na mimi nasema vivyo hivyo. Tena vitamini B12 haimo katika mimea. Mtu mzima aliyeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa lazima aipate kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, na anayemwambia vinginevyo anamhatarisha. Lakini angalieni: hizi ni hoja za chuma, zinki na B12. Si hoja za protini. Na zinadai kitu ambacho imani ya Masese inakifanya kinyume. Samaki anapopatikana nyumbani, kipande humwendea baba kwa kuwa ndiye afanyaye kazi, na mtoto humiminiwa mchuzi. Baba anaweza kujenga misuli yake kwa maharage na posho bila kupungukiwa kitu. Anayehitaji kile kipande ni mtoto wa mwaka mmoja na mama mjamzito. Tukilielewa hili, samaki mchache aliyepo atatosha pale anapohitajika.

Na samaki kweli ni mchache, ingawa tunaishi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Minofu ya sangara hupakiwa katika barafu kwenda Ulaya na kwingineko, na kwa mkazi wa kando ya ziwa hubaki kichwa na mfupa wa mgongo, ambao Watanzania huuita mapanki na Wakenya mgongo wazi. Mukene, wale dagaa wadogo wanaoanikwa mwaloni, sehemu yao kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Mwaka 2017 jeshi lilianza kulinda ziwa dhidi ya uvuvi haramu, na familia nyingi zilizotegemea mitumbwi midogo zikapoteza riziki. Kumwambia mtu wa Masese leo kwamba protini yake iko ziwani ni kumwelekeza kwenye mlango uliofungwa. Mukene kidogo aliyesagwa vizuri na kuchanganywa katika uji wa mtoto ni jambo jema sana, tuliombe na tulipiganie. Ila mlo wa familia nzima hauwezi kusubiri mlango huo ufunguliwe.

Penye miti hapana wajenzi. Uganda ni kati ya nchi za Afrika zinazolima maharage kwa wingi, na malori yaliyojaa magunia hupita barabara kuu ya Jinja yakielekea Busia na Malaba kuwalisha majirani zetu wa Kenya. Watafiti wa kilimo wa serikali walitoa mwaka 2016 aina mpya za maharage zenye chuma na zinki nyingi zaidi, ziitwazo NAROBEAN. Kituo cha utafiti cha Serere, hapo Teso, kimetoa aina za karanga za Serenut zinazostahimili magonjwa. Mbegu ipo, ardhi ipo, soko lipo. Kijana wa Masese anayenunua kikomando asubuhi, chapati mbili zilizokatwa vipande na kumwagiwa maharage mazito, anapata protini ya gramu 25 au zaidi kwa mlo mmoja, nusu ya mahitaji yake ya siku, huku wenzake wakimcheka kwamba hana pesa ya nyama. Hapaswi kuona haya. Amenunua vizuri kuliko yule aliyenunua chipsi na soda.

Vikwazo vya kweli vipo, na ndivyo ningetaka watu wavikasirikie. Cha kwanza ni mkaa. Maharage makavu huchemka saa mbili au tatu, na mama anayenunua mkaa kwa kopo huona gharama ya moto inakula faida ya maharage. Dawa yake inajulikana: yalowekwe tangu usiku, maji yamwagwe, yachemshwe vizuri mpaka yaive kabisa, na yapikwe mengi kwa pamoja. Wanawake watano wa uga mmoja wakipika sufuria moja kubwa kwa zamu, mkaa wa nyumba moja umelisha nyumba tano. Cha pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu inayoingia katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ile iliyoifanya Kenya izuie mahindi yetu mwezi Machi 2021. Karanga zilizosinyaa, zilizopasuka au zenye rangi ya ukungu zitupwe, na ni salama zaidi kununua nzima, kuzichagua mwenyewe na kuzisaga, kuliko kununua unga usiojua umetokana na nini. Cha tatu ni chuma kinachopotea mezani: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharage kisinyonywe, ilhali nyanya, limau au kipande cha embe hukisaidia. Chai ingoje saa moja.

Cha nne ni shule, na hapa si suala la mama mmoja mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliwaachia wazazi jukumu la kuwalisha watoto shuleni. Wazazi wa Masese huchanga wanachoweza, na shule hupika kinachotosha, na ndiyo maana upawa huzama juu juu. Kamati za shule zina uwezo wa kuamua jambo moja rahisi kupima: kwa kila mtoto, maharage makavu yasiyopungua gramu 60 kwa mlo, yapimwe kwa mizani mbele ya wazazi kabla hayajaingia chunguni. Kiasi hicho kina protini gramu 13. Mtoto wa kilo 25 anahitaji gramu 23 hivi kwa siku. Kwa mlo mmoja wa mchana, pamoja na posho yake, atakuwa amepata karibu mahitaji yake yote. Halmashauri za Jinja na Mbale, miji iliyopandishwa hadhi kuwa majiji mwaka 2020, zinaweza kuanza kwa kuongeza kipimo hicho katika shule za vitongoji maskini kabla ya kutafuta wafadhili wa maziwa ya pakiti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wauguzi, walimu, viongozi wa dini na wanasiasa wa mashariki ya Uganda ni hili. Acheni kuwaambia watu maskini kwamba chakula cha kujenga mwili ni kile wasichokuwa nacho. Waambieni ukweli: protini inauzwa dukani kwa kilo, katika magunia, nayo ni maharage, kunde, choroko, karanga, ufuta na soya. Waambieni muhogo mtupu na matoke matupu ndivyo vinavyodumaza, na kwamba dawa si kipande cha nyama cha Jumapili bali kikombe cha maharage kila siku. Waambieni samaki na yai wapewe kwanza wale wadogo kabisa. Kisha mwende jikoni kwenye shule zenu, mwombe mizani, na mpime kilichomo chunguni. Mkikuta punje ni chache, msitafute wa kulaumu kwenye ziwa wala kwenye bucha. Ongezeni maharage.